Laptopu Mbili kwa Shahada Moja: Niliyojifunza Nikisomea Usanifu Majengo

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2022, wiki mbili kabla ya kuanza mwaka wa kwanza wa usanifu majengo. Haraka ile ndiyo iliyokuwa kosa la kwanza, na kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia naona wadogo zetu wakilirudia.

Karibu mwaka mzima wa kwanza tulichora kwa mkono. Ubao, rula ya T, penseli, karatasi za kufuatishia, modeli za kadibodi zilizotuachia gundi vidoleni. Kazi ya laptopu ilikuwa kuandika ripoti na kutazama picha za majengo. Kifaa kilichomeza akiba ya mama ya karibu miaka miwili kilikaa begani kwangu miezi kumi bila kuguswa na kazi kiliyonunuliwa kuifanya. Siku nilipokihitaji kwa dhati, dhamana yake ilikuwa imebakiza wiki chache, na kwa fedha ileile sokoni palikuwa na mashine bora zaidi. Kama chuo chako nacho huanza kwa kuchora kwa mkono, na una njia nyingine ya kuandikia ripoti, subiri. Kusubiri muhula mmoja au miwili kunakupa pia nafasi ya kuona walio mbele yako wanatumia programu gani, na hilo ni jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia.

Mimi sikusubiri wala sikuuliza. Niliingia dukani nikiwa na maneno matatu kichwani: iwe nyembamba, iwe i7 (daraja la juu la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta), iwe na kadi ya grafiki (chombo cha kuchakata picha). Nilipata vyote vitatu. Prosesa Core i7-1255U, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) GB 8, diski ya SSD ya GB 512, na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 2. Muuzaji alinihakikishia kwamba i7 ni i7. Mama aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, itakufikisha mwisho wa masomo?" Nikamjibu ndiyo, na nilikuwa naamini nilichosema.

Mwaka wa pili ulianza vizuri. Programu ya kuchorea ya AutoCAD kwa michoro ya bapa haisumbui sana. Ramani za sakafu, sehemu za kukata na sura za nje zote zilipita bila kelele. SketchUp, ya kujenga modeli za pande tatu, nayo ilikwenda, mpaka nilipoanza kupanda miti. Kila mti niliopakua ulikuwa na maelfu ya majani, na kila jani lina nyuso zake. Mti wa kumi ulipoingia, nikizungusha jengo kwa mausi, picha inafika sekunde mbili baadaye.

Kisha ikaja Revit, programu inayounda jengo zima kama modeli na kutoa michoro yake ya ujenzi. Kwenye Revit ndipo RAM ya GB 8 ilipoonyesha kimo chake. Windows yenyewe inachukua fungu lake, kivinjari chenye kurasa za marejeo kinachukua lake, na Revit inakuta imebakiziwa nafasi isiyoitosha. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia data kwenye diski na kuirudisha, na hata SSD iliyo nzuri iko mbali sana na kasi ya RAM. Nilikuwa nikibofya ukuta, nasubiri, nabofya tena kwa kudhani haukusikia, halafu mibofyo yote miwili inatekelezwa kwa pamoja na mchoro unaharibika. Nilipokwenda kuongeza RAM, fundi alifungua mfuniko wa chini, akatazama kidogo, akafunga. Chipu zilikuwa zimechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuchomeka nyingine. Unene ule mdogo niliojivunia dukani ulikuwa na gharama yake, na mimi sikujua kwamba nimeilipa.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa mwaka wa nne ambaye meza yake ilikuwa nyuma yangu studioni. Aliniona nimeshika kichwa.

"Mdogo wangu, hebu nionyeshe taarifa za mashine yako."

Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho ya jina la prosesa.

"Hiyo U ndiyo ulipaswa kuisoma kwanza, hata kabla ya hiyo saba."

Akanieleza, nami nikaenda kuthibitisha usiku huo. Intel huweka herufi mwishoni mwa namba kuonyesha prosesa imetengenezwa kwa kazi gani. U ni ya kuokoa umeme, kwa kawaida wati 15, inafaa kwa mtu wa nyaraka na safari. H ni ya kazi nzito, kwa prosesa za miaka ile kwa kawaida wati 45. HX iko juu yake tena. Ile i7-1255U yangu ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake) 2 vya nguvu na 8 vya kuokoa umeme. Ya dada yule ilikuwa i5-12500H, ya kizazi kilekile, ambayo mimi dukani niliipita kwa sababu imeandikwa tano: viini 4 vya nguvu na 8 vya kuokoa umeme, na mfumo wa kupoza unaoiruhusu kufanya kazi saa nyingi. Tano yake ilikuwa inaiacha mbali saba yangu kwenye kazi yoyote iliyozidi dakika chache.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa mtu angelinieleza mapema, kwa sababu linabadilisha namna ya kununua. Kuchora na kurenda, yaani kuigeuza modeli kuwa picha yenye mwanga na vivuli, ni kazi mbili tofauti ndani ya mashine. Ukiwa unachora kwenye Revit au AutoCAD, shughuli nyingi hupita kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo kinachokusaidia ni kasi ya kiini kimoja, na RAM ya kutosha. Ukirenda kwa V-Ray kwa njia ya prosesa, viini vyote vinafanya kazi kwa pamoja, na hapo wingi wa viini na uwezo wa kujipoza ndio unaoamua. Ukirenda kwa Enscape, Lumion au Twinmotion, mzigo unahamia kwenye kadi ya grafiki, na kumbukumbu ya kadi ndiyo mpaka wako. Mtu akikuuliza "laptopu gani nzuri kwa usanifu?" bila kusema anarenda kwa nini, huwezi kumjibu.

Niliyajua haya nikiwa nimechelewa. Mwisho wa mwaka wa pili tulikuwa na kazi ya maktaba ndogo ya mtaa. Nilikuwa na siku mbili za kurenda picha nne. Ya kwanza niliianzisha saa tatu usiku kwa V-Ray, nikalala. Nilipoamka saa tisa usiku ilikuwa asilimia 34. Nikafungua Task Manager: prosesa iliyoanza kazi ikiwa zaidi ya GHz 4 ilikuwa chini ya GHz 2. Feni zilikuwa zinalia, na sehemu ya juu ya kibodi haishikiki kwa joto. Prosesa ikipata joto la kupindukia hujipunguzia kasi ili isiungue, na ikiwa mwili wa laptopu ni mwembamba, hapo ndipo itakapobaki usiku kucha.

Kwa hofu nikasimamisha kila kitu, nikabadili mpango, nikajaribu kurenda kwa kadi ya grafiki. Dakika ya tatu programu ikafunga yenyewe na ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha. Nikajaribu tena, ikafunga tena. Kulipopambazuka nilikuwa na picha moja yenye chembechembe kama redio ya zamani ingekuwa na sura, na tatu zilizotolewa moja kwa moja kutoka SketchUp bila kivuli cha maana.

Nilisimama mbele ya jopo nikieleza mwanga unavyoshuka kwenye ukumbi wa kusomea, na ukutani hapakuwa na mwanga wowote wa kuonyesha. Walinisikiliza kwa upole. Mwalimu mmoja alisema wazo ni zuri lakini halijaonekana. Nilitoka nje nikakaa ngazini. Kilichoniuma kuliko alama ni kwamba sikuweza kumpigia mama. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba kile kifaa kimeshindwa ilhali bado miaka mitatu?

Likizo ile niliitumia kuelewa nilikosea wapi, na nikagundua kwamba sehemu kubwa ya lawama haikuwa ya mashine. Hii ndiyo sehemu ambayo ningeomba hata mwenye laptopu dhaifu aisome kwa makini, maana haina gharama.

Tuanze na ukubwa wa picha. Nilikuwa narenda kwa ukubwa wa karatasi ya A1 kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 9933 kwa 7016, karibu milioni 70. Kwenye bango, picha ile ilikuwa inachukua nafasi ya A2 tu, na mtu anaitazama akiwa amesimama hatua moja au mbili nyuma. A2 kwa nukta 150 ni pikseli 3508 kwa 2480, hazifiki milioni 9. Nilikuwa naiomba mashine ifanye kazi mara nane ya iliyohitajika, kwa ubora ambao hakuna jicho pale lingeuona.

Halafu tekscha, zile picha zinazovishwa kwenye nyuso za modeli. Picha ya matofali ya pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuwa na MB 3 tu kwenye diski, kwa sababu imebanwa. Ikiingia kwenye kadi ya grafiki bila kubanwa, kila pikseli inachukua baiti 4, na picha hiyo moja inakula MB 64. Tekscha 32 za namna hiyo zinajaza GB 2 hata kabla ya jengo lenyewe kuingia. Mimi nilikuwa na zaidi ya 40, nyingine zikiwa kwenye ukuta wa nyuma ambao kamera haiuoni. Ukiipunguza picha hiyohiyo hadi pikseli 1024 kwa 1024, inakula MB 4. Weka kubwa kwa kile kilicho karibu na kamera, na ndogo kwa vingine vyote.

Miti nikaibadilisha kuwa proksi, zile ambazo kwenye mchoro zinaonekana kama umbo jepesi na zinakamilika wakati wa kurenda tu. Nikaanza kusafisha mafaili kila jioni kwa amri ya purge, inayofuta visivyotumika. AutoCAD, SketchUp na Revit zote zinayo kwa namna yake. Faili la maktaba lilishuka chini ya nusu.

Na jambo moja lilinitia uchungu kweli. Laptopu nyingi zenye kadi ya grafiki zina grafiki nyingine ndogo ndani ya prosesa, na Windows huchagua itumie ipi ili kuokoa betri. Mwaka mzima SketchUp yangu ilikuwa inatumia ile ndogo. Kwenye mipangilio ya skrini ya Windows kuna sehemu ya grafiki. Unachagua programu moja moja na kuiamuru itumie kadi yenye nguvu. Dakika mbili za kazi. Nilirenda upya maktaba ile kwa mashine ileile, picha zote nne, kwa usiku mmoja. Hazikuwa za kujivunia, lakini mwanga ulionekana.

Mwaka wa tatu nilivuka hivyo, na kwa msaada wa kompyuta za mezani za chuo ambazo wengi hawazitumii usiku. Kama chuo chako kina maabara, zoea kuchora kwako na kurenda kule. Kompyuta ya mezani kwa fedha sawa huishinda laptopu mbali, kwa sababu ina nafasi ya kupumua na umeme wa kutosha. Nina mwenzangu aliyenunua kompyuta ya mezani iliyotumika na laptopu nyepesi ya bei ya chini, vyote viwili kwa jumla isiyofika bei ya ile yangu ya kwanza. Amesoma kwa utulivu kunishinda. Njia hiyo inafaa kwa asiyehama chumba mara kwa mara. Nyingine ya kufikiria ni laptopu za kikazi zilizotumika, kama ThinkPad za mfululizo wa P, Dell Precision au HP ZBook: zimejengwa kwa kazi nzito, na nyingi zinakubali kuongezewa RAM na diski. Kagua betri na joto kabla ya kulipa.

Kisha nikaamua kununua tena. Ya kwanza niliiuza kwa chini ya nusu ya bei yake. Nyongeza niliipata kwa kuchorea watu michoro likizo mbili mfululizo, na deni dogo kwa kaka yangu. Safari hii mama nilimweleza kila kitu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa umejua, nunua wewe." Sikuomba hata senti.

Nilianza na orodha ya programu. Chuo chetu kinatumia Revit kwa michoro ya ujenzi, na wengi tunarenda kwa Enscape na V-Ray. Hilo pekee lilifunga mlango wa Mac kwangu, ingawa nazipenda skrini na betri zake. Revit na 3ds Max ni za Windows tu, na tangu Mac zihamie kwenye chipu za Apple mwaka 2020, ile njia ya kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp imefungwa. Kama chuo chako kinatumia ArchiCAD, Rhino au SketchUp, hali ni tofauti kabisa. Hizo zote zina toleo la Mac, na Mac yenye kumbukumbu ya kutosha ni chombo kizuri. Uliza chuoni kwanza. Programu zenyewe zisikutie hofu ya bei: Autodesk, watengenezaji wa Revit na AutoCAD, huwapa wanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja inayohuishwa wakiendelea kusoma, na Blender, ya modeli na kurenda, ni bure kwa kila mtu. Achana na matoleo yaliyovunjwa. Mwenzetu mmoja alipakia moja, virusi vikafunga mafaili yake yote mwezi wa mwisho wa muhula.

Nikaweka GB 16 za RAM kuwa kima cha chini, ziwe vipande viwili badala ya kimoja, na nafasi za kuchomeka ziwepo ili nifike 32 baadaye. Nimeshafika 32, na kwa mtu anayefungua Revit, Photoshop na kivinjari kwa pamoja naona ndipo mahali pa kutulia. Diski nilitaka TB 1, kwa kuwa mradi mmoja wenye tekscha na nakala zake hula makumi ya gigabaiti. Kadi nilichagua RTX 4060 yenye GB 8.

Skrini niliipa uzito ambao zamani nisingeupa. Ile ya kwanza ilikuwa na rangi za asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wingi wa rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha), kiwango cha kawaida kwenye skrini za bei nafuu. Ukuta wangu wa matofali ulioonekana mwekundu wa kutulia ulitoka kwenye printa ukiwa unawaka kama rangi ya chungwa, na sikuwa na fedha ya kuchapa mara ya pili. Tafuta skrini iliyoandikwa asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, au inayokaribia hapo. Uwiano wa upana kwa urefu wa 16:10 nao unaongeza kipande cha urefu ambacho unakifurahia kila siku unapochora.

Uzito usikudanganye pia. Mashine ya kilo 2.3 ina chaja yake, na chaja ya wati 200 na zaidi si kitu cha kusahau begani. Na ukiichomoa kwenye umeme, nguvu ya kadi inashuka sana, kwa hiyo usipange kurenda kwa betri.

Lakini jambo lililokaribia kunirudisha kulekule ni wati za kadi. Jina RTX 4060 la laptopu linafunika kadi zinazopewa umeme kuanzia wati 35 hadi 115, mtengenezaji ndiye anayeamua, na tangazo la dukani mara nyingi halisemi. Laptopu mbili zenye jina moja la kadi zinaweza kutofautiana kama ndugu wawili wa baba mmoja. Namba hiyo hupatikana kwenye ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji. Ikikosekana, omba ujaribu.

Aliyeniuzia alinipa siku saba za kurudisha. Nilizitumia zote kama mtihani. Siku ya kwanza niliweka programu zangu, nikafungua ile maktaba ya mwaka wa pili na miti yake yote mizito, nikarenda kwa kadi huku chaja ikiwa imechomekwa, nikaandika kwenye karatasi joto, wati na kasi kila dakika tano. Ilianza vizuri. Ilipofika dakika ya kumi ilikuwa imetulia kwenye wati 60, na haikupanda tena. Picha ilikamilika kwa dakika 31.

Nikairudisha. Muuzaji alibisha kwamba haina kasoro, na kweli haikuwa na kasoro. Nilimwomba anifungulie nyingine aliyokuwa nayo, nene kwa milimita chache, prosesa na kadi za jina lilelile, bei ikipishana kidogo. Nikaweka faili lilelile kutoka kwenye diski yangu ya nje, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kaunta na karatasi yangu. Dakika ya kumi, wati 100. Dakika ya ishirini, wati 100. Dakika ya 25 picha ikakamilika, na mwanga ulikuwa unashuka kwenye ukumbi wa kusomea kama nilivyouwaza tangu mwanzo. Muuzaji alisogea akazitazama zile namba mbili kwenye karatasi, 31 na 25, akaenda stoo kunitolea boksi lake.